Nilivyoombea Ainabkoi Mvua

Niliondoka Eldoret kwa sababu ya neno moja: kipupwe. Kanisa letu lilikuwa linajiandaa kwa Jumapili ya mavuno, na Mwalimu Rispa alikuwa amenipa kazi ya kutunga shairi la majira na kulikariri mbele ya watu wote. Mwalimu Rispa hunifundisha Kiswahili shuleni, kisha kanisani ndiye msimamizi wa vijana, kwa hiyo sina pa kujificha. Nililijaza shairi kipupwe, kaskazi na kusi, yote kutoka kitabuni. Akasoma, akanitazama.

"Kipupwe umekionea wapi? Kapseret?"

"Ni cha kifasihi, Mwalimu."

"Krismasi ulikuwa mmoja wa mamajusi, ukamwuliza Yosefu mbele ya kanisa zima kama mtoto ana kadi ya kliniki. Niletee kitu ulichokiona kwa macho yako. La sivyo utapanga viti mpaka umalize shule."

Kupanga viti si dhambi, lakini mimi ni mtu wa mbele. Nikiketi nyuma, miguu inaniwasha. Wiki hiyo nilizunguka Langas nikitafuta majira, nikapata vumbi na mitumba. Nyumbani nikazunguka sebule hadi Mama akachoka.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia," akasema. "Enda kwa shosho yako Ainabkoi. Huko angalau utazunguka shambani."

Jumamosi asubuhi nilipanda nyuma ya pikapu ya Baba Shiru, jirani wa huyo nyanya yangu, aliyekuwa amekuja mjini kununua magunia. Nililalia magunia hayo kama chifu. Mji ulipoisha baridi ikaanza kuniuma masikio. Mashamba ya ngano yalikuwa yameshanyolewa. Kwingine mabua ya mahindi yalikuwa yamesimamishwa mafungu mafungu, yakiegemeana kama watu wanaosengenya. Kila boma lilikuwa na turubai uani, na juu yake mahindi ya njano yakiota jua. Nilijaribu kutunga. "Ewe kilima," nikaanza. Kilima hakikuitika.

Tulipofika Ainabkoi, Shosho alikuwa juu ya turubai yake, viatu kando, akiyageuza mahindi kwa miguu. Huburuta nyayo polepole kutoka pembe hii hadi ile, kama mtu anayecheza dansi na hataki mchungaji ajue.

"Mume wangu amefika," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nina jina la babu. "Mbona umekonda? Eldoret hawapiki?"

"Nimekuja kutafuta majira, Shosho."

"Yako hapa chini. Vua viatu uyageuze."

Niliyageuza mpaka nyayo zikawaka moto. Shosho aliokota punje, akaiuma, akasikiliza. Punje iliyokauka hulia kwa jino, hii ilinyamaza.

"Bado," akasema. "Yakinyeshewa sasa yataota ukungu, na hayo ndiyo ya mwaka mzima. Gunia la Mungu tu ndilo limekauka. Hilo nalipeleka kanisani kwenu kesho."

Baada ya chakula cha mchana wamama wa ushirika walikuja kwa Shosho kusali. Waliimba, wakasoma Neno, wakanywa chai. Mwishowe Mama Shiru, mke wa yule mwenye pikapu, akaninyooshea kidole.

"Huyu wa mjini atufungie na maombi."

Sala ya mjini naijua kama namba yangu ya simu. Mdomo huenda wenyewe. Nilishukuru kwa pumzi, nikashukuru kwa chai, kisha nikapandisha sauti: "Fungua madirisha ya mbinguni, Bwana! Utumwagie mvua ya baraka! Kubwa! Isikome!"

Nikangoja Amina. Haikuja. Nikafungua jicho moja. Wamama wote walikuwa wanaangalia nje, kwa turubai.

"Bwana," akasema Shosho, macho amefumba, "huyu maji yake hutoka kwa mfereji. Msamehe."

"Na hiyo ya mvua usiiandike, Bwana," Mama Shiru akaongeza.

"Nilimaanisha mvua ya kiroho," nikasema.

"Ungemfafanulia. Sasa Yeye atajuaje?" akauliza Mama Shiru.

Chai iliyobaki kwenye birika ilikuwa bado moto wingu lilipopanda nyuma ya miti. Hakuna aliyesema kwaheri. Wamama walikamata leso zao wakatawanyika mbio, kila mmoja kwake. Mimi na Shosho tulishika pembe za turubai tukavuta, yeye akiwa mbele.

"Vuta, mwombaji!"

Nilivuta nikateleza, nikaanguka juu ya mahindi, nikavuta nikiwa nimelala. Tuliyafikisha chini ya paa matone ya kwanza yakipiga mabati. Yaliyolowa ni yale ya pembe yangu. Shosho aliyakusanya kando kwa mikono, akaketi juu ya ndoo kupumua.

"Machi tuliilia hii mvua," akasema. "Nyumba hii hii, wamama hao hao. Tulifunga, hatukula. Mbegu zilikuwa chini na wingu hakuna. Leo ikija tunaikimbia."

Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena.

"Una minyoo?"

"Nina shairi, Shosho."

Jumapili asubuhi tulirudi na pikapu ile ile, Shosho mbele, mimi nyuma na gunia la Mungu, nikiwakariria ng'ombe wa njiani. Mlangoni mwa kanisa Mwalimu Rispa alinong'ona, "Kuna kipupwe?"

"Hakuna."

"Kuna mzaha?"

Nikampita haraka. Nilisimama mbele, nikaanza:

*Mbegu zikiwa shimoni, twaomba mvua ishuke,*
*Punje zikiwa juani, twaisihi isifike,*
*Naye Mungu wa mbinguni, kichwa chake akishike,*
*Tusamehe tukiomba, majira tusikumbuke.*

Kwenye kichwa cha Mungu watu walicheka. Mwalimu Rispa hakucheka. Nilimaliza mstari wa mwisho nikiangalia viti, nikihesabu maisha yangu yaliyobaki. Kanisa likanyamaza, ule ule unyamavu wa Ainabkoi.

Kisha kutoka benchi la wageni ikaja sauti moja ninayoijua.

"Amina," akasema Shosho. Ile ya jana, nadhani, alikuwa ameniwekea. Ndipo kanisa zima likaitikia.

Baada ya ibada Mwalimu Rispa alichukua karatasi yangu, akaisoma tena akiwa amesimama.

"Pasaka utasimama mbele," akasema. "Lakini viti vya leo vipange."

Nilivipanga, miguu ikiniwasha vile vile, kwa sababu shairi halitibu hiyo. Lakini siku hizi, kabla sijaandika wala kuomba, natoka nje kwanza nione watu wameanika nini.