Kome wa Adong Sokoni Bwera

Adong aliletwa Kasese na mume wake, Oloya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji. Oloya alipofariki, Adong hakurudi kwao. Aliingia biashara ya kome wa ziwani, akawa anawapeleka Bwera, soko la mpakani, ambako wateja kutoka Kongo hununua kwa gunia. Kubishana bei alijifunzia hapohapo, kwa kupunjwa.

Sokoni pale, muuza kome hula mmoja mbele ya mteja kabla bei haijatajwa. Asiyekula hauzi.

Mwaka huu ziwa liligeuka kijani, likanuka. Ronah, binti kutoka kijiji cha Maliba anayesomea mambo ya maabara, akafika kwenye kibanda cha Adong na kifaa kidogo kama simu. Alisaga nyama ya kome, akadondosha maji yake kwenye kipande chembamba kilichopakwa nyuzi za DNA. Nyuzi zikinasa sumu, umeme hubadilika na namba hupanda. Ilipanda.

"Mama, hii iko na sumu. Inaua maini."

"Nimechemsha tangu asubuhi!"

"Moto haiwezi hii sumu, mama."

"Umechagua mbaya. Pima huyu mkubwa."

Ronah akapima.

"Sasa wa chini ya gunia. Na huyu je?"

Adong alibishana na mashine kama anavyobishana na watu, akingoja ishuke kidogo. Haikushuka. Kila kipimo kilikula kipande kimoja, na vipande vya Ronah vikaisha.

Ndipo akaja Kambale, mnunuzi wake wa siku zote kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Mama, kula moja, njo tuongee bei. Bibi yangu iko na mimba, anataka kome tu. Kwangu hakuna amani!"

Adong akachukua kome. Asipouza leo, hana cha kununulia mzigo mwingine, na kibanda kisicho na mzigo hakikai siku mbili bila mtu kukichukua. Akamrudisha kome guniani.

"Leo siuzi. Iko na sumu. Na za Nabirye pia, tunatoa mahali pamoja."

Nabirye, jirani yake wa kibanda, akaangua kicheko. "Musikie huyu! Zake zimeharibika, anataka tulale njaa wote. Kambale, kuja huku!"

Kambale akamgeukia Ronah. "Pima na za huyu."

"Vipande vimeisha, papa."

"Ah! Mashine gani inapima za mutu moja tu?"

Nabirye akachagua kome mnene, akatafuna polepole, akameza, akaachama kinywa watu waone. Adong akamkamata Kambale shati.

"Kambale, bibi yako. Mtoto iko ndani."

"Achia shati yangu. Hiyo ni wivu ya biashara."

Akajitwika gunia la Nabirye, akashika njia ya mpakani.

Adong aliburuta gunia lake hadi kwenye shimo la choo nyuma ya soko, akalimwaga lote. Aliporudi, Nabirye alikuwa ameshapanga beseni zake mbili juu ya meza ya Adong.