Moja Tu, Sheikh

Mmenisumbua niandike, na mkono huu umezoea ufagio, si kalamu, haya basi. Yule mzee wa dirisha la risasi, hapo klabu ya shabaha njia ya mji wa Lusail, huku ughaibuni, hukabidhi kila boksi kwa mikono miwili kama anayempa mtu kichanga. Siku hizi risasi haziji, na zikija bei imepanda tena, basi kutwa huwaambia wateja, "Moja tu, sheikh, moja tu," nao humfokea kana kwamba baruti anaipika yeye kwake. Sauti yake haipandi. Alhamisi sisi wafanyakazi hupewa risasi tano tano za kujifurahisha, na mzee huzingojea zake wiki nzima. Alhamisi iliyopita akaja ami mmoja, mteja mkongwe, akasikia bei, akageuka. Mzee akamsukumia tano zake.

"Chukua, ami. Zimebaki za jana."

Uongo! Rafu ya risasi jana niliifuta mwenyewe, tupu. Jioni nikamkuta mzee uwanjani, ameinua mikono mitupu kama ameshika bunduki, anazifuata angani sahani za udongo zinazorushwa wenzake wazilenge. "Pu," akanong'ona.

Mmeshasoma. Basi mkienda kulenga, bakisheni risasi moja, mmwachie dirishani.