Simu ya Marehemu Haifunguki

Jumuiya yetu hapa Sumbawanga ina wazee wengi, na karibu sote tulifunga simu zetu kwa alama moja: msalaba. Kidole kinashuka katikati ya vile vidoti, kinakatiza pembeni, simu inafunguka. Mume wangu, aliyekuwa katekista, ndiye aliyetugundua. Siku moja baada ya sala alizichukua simu za kina mama mezani, akazifungua moja moja.

"Huo msalaba mnamwekea nani? Mwizi naye kabatizwa."

Tulicheka, tukabadilisha. Ya kwake hakusema, nami sikuuliza. Sina tabia ya kupekua simu ya mtu.

Sasa hayupo, na simu imefungwa. Ndani mna sauti yake. Aliwarekodia wajukuu walioko Dar es Salaam wimbo wa kupura ulezi, kwa Kifipa, wasije huku wakawa wageni. Hakuutuma. Kila siku alisema atarekodi upya, kikohozi kimeuharibu. Mimi hata hicho kikohozi nakitaka.

Nilichora herufi ya kwanza ya jina langu. Nikachora ya jina lake. Nikachora hata msalaba, ingawa nilijua siyo. Simu ikaniambia nisubiri. Nyumba kimya, mtu mzima nimekaa nasubiri simu iniruhusu.

Nikaenda kwa fundi, sokoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nifungulie hii, ya marehemu mume wangu."

"Kufungua nafungua, ila vilivyomo vyote vinafutika."

"Na sauti?"

"Na sauti." Akaigeuzageuza. "Babu alikuwa anaficha nini, bibi?"

"Alichoficha ni chake. Wewe fanya kazi."

Akaniomba kwanza niipigie, aone kama laini bado iko hai. Nikapiga kwa simu yangu. Ile ya marehemu ikawaka mezani, ikaita. Kwenye kioo, mahali pa jina la anayepiga, paliandikwa: NYUMBANI.

Nasoma polepole, lakini nasoma. Miaka yote aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Hili la kwenye simu hakuwahi kulitamka mbele yangu.

Ikaita mpaka ikakata yenyewe.

"Nifute, bibi?"

"Lete hapa."

Naichaji pamoja na yangu. Jioni nikishakula naipigia, naitazama ikiwaka. Wimbo bado sijausikia.