Ugeni wa Bi Ziada Mikomani

Bi Ziada binti Huseni alikuwa msukaji wa mikeka pale Kilwa Kivinje, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Adija. Adija aliolewa bara, kwenye vilima vya Umatumbi, na kijana aitwaye Dadi aliyeshuka pwani kuuza mpira wa porini akarudi kwao na mke. Kila alipokuja kumtazama mama yake, Adija alimsihi, "Mama, njoo nawe upaone kwetu Mikomani." Ziada akawa anasema atakwenda mfungo ukiisha, mara mvua zikikatika, mara mkeka wa fulani ukimalizika. Halafu vita vikaanza. Watu wa vilimani walikunywa maji ya dawa, wakaambiwa risasi za Wadachi hazitawadhuru, na njia ya bara ikafungwa.

Ilipofunguka, miaka miwili ilikuwa imekwenda. Wachukuzi wa chumvi walianza kupanda tena vilimani, mmoja wao akiwa Likwata, ndugu wa marehemu mumewe Ziada. Siku moja Likwata alikuja kumwambia kwamba Mikomani kunatoka moshi wa mapishi.

"Umemwona Adija?"

"Sikufika, shemeji. Moshi niliuona kwa mbali tu, nikiwa njiani."

Ziada akatia chumvi kwenye kikapu, juu yake akaweka kanga mpya, akafunga mlango na kufuatana na wachukuzi.

Huko njiani vijiji havikuwepo. Palipokuwa na nyumba palikuwa na mafiga tu, yamemezwa na nyasi, na mahali pengine mifupa ambayo hakuna aliyesimama kuitazama. Ziada alivitazama vyote kama mtu apitaye mbele ya duka bila haja ya kununua. Miguu ilimuuma. Ungemuuliza anasikia nini, angekutajia miguu.

Mikomani ilikuwa vibanda vichache chini ya kilima, nyasi za mapaa bado mbichi. Mama yake Dadi alikuwa kwenye kishamba chake cha mtama, amejifunga gome la mti kwa kukosa nguo, mifupa ya mabega imemtoka. Walikuwa wameonana mara moja tu, siku ya harusi. Alipomtambua mgeni wake akaja akipangusa mikono.

"Karibu, mkwe, karibu. Umekuja na sina hata mkeka wa kukukalisha."

"Nimekaa, mkwe," alisema Ziada, akakaa chini.

Likwata akamwamkia mwenyeji shikamoo, akaitikiwa, kisha akawafuata wenzake waliokuwa wakiendelea na safari. Mama yake Dadi akachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo ndiyo iliyokuwa imewaweka hai, akataka mgeni ale kwanza. Ziada alifungua kikapu akampa chumvi. Mwenyeji akailamba kiganjani, akafumba macho. Ziada alikuwa akiutazama mlango wa kibanda. Hakutoka mtu.

Walipokwisha kunawa, mwenyeji akasema, "Mkwe, Adija hatunaye."

"Na Dadi?"

"Dadi alitangulia. Alikwenda vitani na wenzake, hakurudi hata mmoja. Adija ni njaa iliyomchukua. Askari walichoma vihenge vya nafaka, wakachoma na mashamba, sisi tukaingia pangoni. Chakula chake alikuwa akinipa mimi. Ananiambia ameshakula."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema Ziada. Halafu akauliza chumvi iliyobaki aiweke wapi isipate unyevu.

Asubuhi alimwambia mwenyeji wake, "Nioneshe kwenu. Adija alitaka nipaone."

Wakatoka, mwenyeji mbele, mgeni nyuma. Mambo aliyoyasimulia Adija yote yalikuwepo: kijito chenye mawe bapa ya kufulia, minazi miwili iliyopandwa mbali kabisa na bahari na isiyozaa. Pa nyumba yake palikuwa na nguzo zilizoungua na mtungi uliopasuka. Wakapita shamba la jumbe aliyewekwa na Wadachi, ambako watu wote walikuwa wakitolewa majumbani kwa kiboko kwenda kulima pamba ya serikali. Pamba ilikuwa imejiotea yenyewe kati ya magugu, imepasuka, nyeupe, haina wa kuichuma. Mwenyeji akatema mate. Wakapanda mpaka pangoni, dari lake jeusi kwa moshi. Chini ya pango palikuwa na makaburi ya mawe yaliyorundikwa.

"Ni hili," alisema mama yake Dadi. Akasita. "Au hili. Walikufa pamoja, yeye na jirani yetu, na sisi nguvu za kuchimba vizuri hatukuwa nazo."

Ziada akasimama katikati ya makaburi yale mawili akasoma Fatiha. Alipomaliza alingoja machozi. Yaliyomjia ni kwamba ameacha miyaa ya kusukia mikeka ndani ya maji kule nyumbani, na sasa itakuwa imeoza.

"Lia, mkwe. Mimi yangu yamekwisha, siwezi kukusaidia."

"Hayaji."

"Basi yaache."

Waliporudi walikuta nguruwe wamo ndani ya mtama. Mama yake Dadi alikimbia akipiga kelele, akaanguka, akanyanyuka. Ziada, ambaye tangu usichana wake hakuwahi kukimbia mbele za watu, aliokota mawe akawatupia mpaka wakatoka.

Likwata aliporudi kumchukua alimkuta anajenga uzio wa miiba.

"Shemeji, tunaondoka."

"Nendeni. Huyu peke yake hawawezi nguruwe hawa."

"Na matanga? Nikawaambie nini watu wa Kivinje?"

"Waambie mtoto amekufa, wamsomee hitima. Mimi niko kwake."

Akakaa mpaka mtama ukavunwa. Mazungumzo yao yalikuwa ya nguruwe, ya mvua, ya mizizi ipi hulowekwa kwanza ili sumu itoke. Mara mojamoja mwenyeji alisema, "Adija alipenda kuoga hapa," na Ziada aliitikia kama anayeambiwa habari za mtoto wa watu.

Kivinje alikuta matanga yamekwisha. Majirani walimwangukia wakilia, yeye akawapapasa migongo mpaka wakanyamaza. Wapo waliosema ana moyo mgumu. Wengine walisema watu wa vilimani wamemlisha dawa. Yeye kila mwaka mtama ulipoanza kukomaa alifunga mlango akapanda vilimani.

Mama yake Dadi alifariki Ziada akiwepo. Marehemu hakuwa na binti, wala mkwe wa kike, kwa hiyo Ziada ndiye aliyemwosha, wanawake wa pale wakimwelekeza desturi yao. Baada ya mazishi wazee waliuliza kishamba kile sasa kiwe cha nani. Ziada akasema atakilima yeye, nao hawakubisha. Alikilima mpaka Wadachi walipoondoka wakaja Waingereza.