Nilichokiita Tahajia

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Wakati huo nilikuwa Katesh, nikijitolea katika programu ya kuwakumbusha kina mama siku ya chanjo kwa ujumbe wa simu. Programu ilikuwa ya wazi: yeyote aliweza kusoma mistari yake na kuirekebisha. Sharti lilikuwa moja. Ukirekebisha tahajia, ingiza mwenyewe. Ukigusa kingine chochote, mwenzako asome kwanza.

Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Mbulu, mtaratibu mpaka anakera. Unamtumia mstari mmoja, anakaa nao siku mbili.

Siku moja, kwenye duka la intaneti, niliona programu inahesabu saa za kizungu. Gari la chanjo lingefika Yaeda Chini saa mbili asubuhi, yenyewe imeandika 8. Damu ikanichemka. Nikaongeza mstari wa kutoa saa sita. Gari lilikuwa linakwenda keshokutwa. Nikainuka, nikaketi, nikainuka tena, mwenye duka akaniuliza kama naumwa tumbo. Nimngoje dada mpaka lini? Nikaandika “tahajia”, nikaingiza.

Kumbe nilikuwa nasoma nakala ya juzi. Dada naye aliliona kosa, akatoa sita asubuhi ileile, na mtu akamsomea. Ukitoa sita mara mbili kwenye saa, unarudi ulikoanzia. Ujumbe ukaenda: saa 8. Kila aliyeusoma alijua ni saa nane mchana.

Wiki tatu baadaye nilipanda pikipiki kwenda Yaeda Chini, maana surua ilikuwa imeingia bondeni. Nikamkuta mama mmoja amepakata mtoto mwenye vipele, macho mekundu, anahema kwa shida. Siku ya gari alikuwa ametembea naye tangu alfajiri, akafika saa saba, akakuta alama za matairi tu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Nikamwambia kosa la saa lilikuwa langu. Hakukasirika. Afadhali angenitukana.

“Mimi sijui kusoma,” akasema. “Nilimpa mwalimu simu anisomee. Nikaona bado, nikampelekea na katekista. Wote walisema saa nane. Wewe ulimwonyesha nani?”

Nikamwambia sikumwonyesha mtu.