Taa Wasiowashwa

Mume wangu alitaka meli, mimi nilitaka kwetu. Tulivutana wiki nzima huko Maskati tunakoishi, yeye akisema likizo yake ni fupi na watoto hawajawahi kupanda meli, mimi nikisema mama yangu hajawahi kuwashika watoto. Mwisho tukapata meli ya kitalii inayopita kwetu. Ingefunga gati Unguja saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Kidogo si haba, nikasema, nikaanza kufunga mizigo kabla hajabadili mawazo.

Watoto wangu ni wawili. Wakati huo binti alikuwa na miaka minane na mdogo wake wa kiume mitano, na wote wawili walimjua bibi yao kwenye simu tu. Yule mdogo alimwita Bibi wa Simu, bila ubaya wowote. Mama alicheka kila alipoitwa hivyo. Lakini siku moja, watoto walipokimbilia michezo yao na kuniachia simu mkononi, aliniambia, "Mwanangu, mimi nnataka wanijue harufu. Simu haina harufu."

Tangu siku hiyo safari nzima ikawa na jambo moja tu moyoni mwangu. Binti hakunitia wasiwasi, yeye huzoeana na watu hata kwenye foleni ya duka. Ni huyu mdogo. Alikuwa hataki kuguswa na mtu asiyemzoea, hata daktari alimpima kwa kumbembeleza. Je, angemkubali bibi yake kwa saa tisa tulizopewa?

Mimi nilipanga twende moja kwa moja Chukwani, nyumbani kwa mama, tule, tupumzike, turudi. Mama akakataa katakata.

"Waje kutazama makochi yangu? Mtoto atatazama kochi kwa muda gani? Nshazungumza na mwenye boti. Ntawapeleka kwenye fungu la mchanga, waogelee, waone taa."

Mdogo alilisikia neno hilo moja, akaja mbio kwenye simu, macho yamemtoka.

"Taa? Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji, mjukuu wangu. Wengi, wamelala mchangani."

"Nani anaziwasha?"

Mama alicheka mpaka simu ikamponyoka. Binti alifungua mdomo kumsahihisha mdogo wake, nikamkonyeza anyamaze. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni langu. Ningemfundisha tu kusema "taa huyu" badala ya "taa hii", mambo yangekwisha. Lakini mtoto aliyekuwa akikimbia simu sasa alikuwa akiidai. Kila siku alitaka kumuuliza bibi kama taa za baharini ni nyeupe au za rangi, na kama samaki wanapata usingizi zikiwaka. Alizichora kwenye daftari la dada yake, zinaning'inia kwenye mwani kama zile za sebuleni. Nikajisemea, nikimwambia ni samaki atarudi kwenye katuni zake, na mama atarudi kuwa simu. Nikanyamaza.

Asubuhi ile tuliposhuka bandarini, mama alikuwa amesimama nje ya geti na kikapu chake cha ukili, na nina hakika alisimama hapo tangu jua halijatoka. Simu ilikuwa ikinionyesha uso tu. Haikuwahi kunionyesha kwamba mabega yake yameshuka na kwamba buibui limekuwa kubwa mwilini mwake. Mume wangu, ambaye bahari ilikuwa imemchafua tumbo siku mbili, alimwamkia mkwewe kwa heshima zote, akamwomba radhi, akarudi melini kulala. Yeye ndiye aliyetaka meli.

Binti alimrukia bibi yake shingoni. Mdogo alisema "Shikamoo" kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni, kisha akajificha nyuma ya mguu wangu.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Akazidi kujibana nyuma yangu. Mama alikuwa amefungua mikono. Aliikusanya polepole, akajitengeneza mtandio, kama kwamba ndilo alilokuwa amekusudia tangu mwanzo.

Tulipita vichochoro vya Mji Mkongwe kuelekea pwani ya maboti. Mama alinyoosha mkono, mdogo akatia wake mfukoni. Mama alimwita, naye akaitika "Nini?" Aibu ilinishuka mpaka miguuni.

"Sema naam," nikamwambia.

"Naam," akaniambia mimi, si bibi yake.

Nilitaka kumfinya, na ningemfinya, ila mama alinishika kiwiko. "Mwache. Haraka haraka haina baraka," akasema, yeye aliyebakiwa na saa nane na nusu.

Ndani ya boti mama alikaa mkabala na mdogo, hakumsogelea. Alitoa mkate wa kumimina kikapuni, akamkatia kipande, mtoto akatikisa kichwa akauliza kama kuna chipsi. Mama akala kile kipande mwenyewe, taratibu, akitazama maji. Mimi nilizungumza mfululizo njia nzima kama mtangazaji wa redio, maana nikinyamaza ningelia.

Nilimweleza binti kwamba sisi taa tulimjua kwa mkia kabla ya kumjua kwa sura. Mkia wa taa uliokauka ulikuwa juu ya mlango wa chuo tulikosoma Kurani, mrefu, mweusi, na hakuna aliyehitaji kuchapwa nao mara mbili ili ahifadhi. Binti alinitazama kwa huruma. Mama akasema, "Wewe ulichapwa kwa maneno mengi, si kwa kutohifadhi." Nahodha, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, alicheka mpaka akaupunguza moto wa mashine.

Fungu lilikuwa limetokeza, maji yamepwa, na pembeni yake bahari ilikuwa ya kiunoni, safi, unaona mpaka kucha zako. Nahodha akawavisha watoto majaketi ya kuelea, miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, kisha akatupa darasa.

"Msinyanyue miguu. Buruzeni. Ukiburuza, taa anakusikia, anaondoka zake. Ukimkanyaga anakupa mwiba." Akamgeukia mama na jozi ya viatu vya mpira. "Na wewe Bi mkubwa, vaa hivi, au kaa botini upate kivuli."

"Mwanangu, mimi mtu wa Matemwe," mama akamjibu. Akavua buibui, akalikunja vizuri, akajifunga kanga kiunoni juu ya gauni, akateremka miguu mitupu.

Nikamtazama anavyoburuza, mguu mmoja, mguu wa pili, mgongo umeinama kidogo, macho mbele. Ghafla nikawa na miaka sita. Tulikuwa tukienda kwao Matemwe kila likizo, na maji yakitoka wanawake walikwenda mwambani kutafuta pweza. Mimi nilimfuata mama nimeshika ncha ya kanga yake iliyolowa, nakanyaga pale alipokanyaga. Hakuwahi kunieleza kwa nini tunaburuza. Nilidhani ndivyo watu wanavyotembea baharini, basi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimewahi kuwa mtoto wa kutembea nyuma ya mtu bila kuuliza, na jinsi ilivyokuwa raha.

Binti alishazama zamani, uso ndani, mrija juu. Alitokeza kuniuliza kama ni kweli yule mwenye ncha tano anaitwa kiti cha pweza, na kama pweza mwenyewe amekwenda wapi. Mdogo alikuwa mbele yangu, nimemshika jaketi mgongoni, akiinamisha uso, akiinua, akiinamisha.

"Sizioni," akasema. "Zimezimwa?"

Nilifikiri nimwambie. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akainamisha uso tena, na pale pale, hatua mbili mbele yake, mchanga ukanyanyuka. Taa alikuwa amejifukia, macho tu ndiyo yaliyokuwa nje. Akajitikisa, akatandaza mabawa yake ya kahawia yenye madoa ya buluu, akatupita ubavuni na mkia wake nyuma.

Mtoto alipiga ukelele ndani ya mrija. Mimi nilipiga mkubwa zaidi, na nikamwachia. Nasema kweli, nilimwachia. Alipogeuka kunitafuta aliniona nimerudi nyuma hatua nne, mikono juu, napiga kelele kwa Kiswahili na Kiarabu. Mama alikuwa amesimama pale pale. Alifungua mikono tu. Mtoto akamparamia mpaka shingoni, miwani imekwenda upande, akamkumbatia kwa mikono na miguu.

"Si taa!" alilia. "Haiwaki! Ina mkia!"

"Ndiye taa huyo, baba. Samaki. Hawaki, ana madoa tu."

"Mmenidanganya!"

"Mimi? Mimi nlikwambia wamelala mchangani. Taa gani ya ukutani inayolala?"

Mtoto alifikiri, kamasi zinamtoka. "Ya chumbani," akasema. "Ikizimwa."

Mama alicheka, na kwa sababu walikuwa wameshikana kifua kwa kifua kicheko kikamtikisa mtoto pia. Hakuwa na jinsi, naye akaanza kucheka. Nilikwenda kumchukua. Nikanyoosha mikono, nikasema njoo kwa mama. Akaugeuza uso upande wa pili, akauweka begani kwa bibi yake.

Niliona wivu. Niliomba Mungu miezi miwili jambo hilo litokee, na lilipotokea nikaona wivu, tena si mdogo. Nikajifanya narekebisha miwani ya binti.

Tangu hapo hakuteremka. Mama alimbeba kiunoni na kumzungusha fungu zima, akiburuza miguu, akimwonyesha mmoja mmoja. "Huyu kalala. Huyu anatusikia, tazama jicho. Yule anakwenda kwao." Nilimwambia mgongo utamuuma, ampe nahodha amshike kidogo. Akanijibu kwamba mgongo ni wake. Nilipomwita mtoto aje kunywa dafu aliitika "Naam" bila kugeuka. Mkate wa kumimina aliula wote, kutoka kwenye vidole vya bibi yake, na hakuuliza tena habari ya chipsi. Wakati wa kurudi alilala mapajani kwake amejifunika kanga mbichi, na mama hakutikisa mguu hata boti ilipogusa mchanga.

Ni miaka kadhaa sasa. Yule mdogo sauti imeanza kuwa nzito, na akiambiwa kisa cha taa za kuwashwa huona haya na kuondoka chumbani. Lakini la getini hamsimulii mtu yeyote, na mimi silisimulii mbele yake.

Tulifika bandarini saa kumi na nusu. Alikuwa mikononi mwa mama, ndio kwanza ameamka. Mlinzi alitazama kadi zetu, yangu na za watoto, akamwambia mama kwa adabu kwamba wasio abiria mwisho wao ni hapo.

"Bibi anakuja," mtoto akamwambia mlinzi.

Nikamweleza kwamba bibi anakwenda nyumbani kwake. Akaishika kanga ya mama kwa mkono mmoja na mkono wake kwa wa pili, akaanza kulia. Nilimvuta, akazidi kushika. Watalii walikuwa wakitupita. Honi ya meli ikalia. Nilimtazama mama nikidhani atalia naye, na nikaona uso wake umekuwa mgumu, uso niliokuwa nikiuona nilipokuwa mdogo na nimefanya utundu.

"Haya. Teremka," akamwambia. "Mwachie bibi. Nenda na mamako."

Mtoto hakuachia. Basi mama akainama mpaka miguu ya mtoto ikagusa chini, akaanza kumfungua vidole. Kile kijikono alikuwa amekitafuta tangu asubuhi, tangu siku kilipozaliwa, na sasa ni yeye aliyekitoa mwilini mwake, kidole baada ya kidole, kuanzia kidogo mpaka gumba. Alipomaliza akanikabidhi mtoto bila kunitazama, akachukua kikapu chake, akaondoka.

Mwanangu alinipiga mateke njia nzima mpaka ngazini, akimwita bibi yake. Mama alisikia, haikosi, maana watu wote bandarini walisikia. Hakugeuka. Nami namshukuru mpaka leo, kwa sababu angegeuka, meli ile ingetuacha.