Simba wa Kona Aliyehamia Jikoni

Saa moja asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya mji wa Lalitpur, Nepal. Chirimaya Shilpakar amepiga magoti kando ya boriti ya kale. Anaigonga kwa nyundo ya mti na kutega sikio. Mlio wa kwanza ni mkavu, wa mti mzima. Wa pili unadidimia kama kikohozi.

"Hapa mchwa wamekula wakashiba," anasema, na kuchora msalaba wa chaki.

Mama huyu wa watoto wawili hupima majeruhi wasioweza kulia. Tangu tetemeko liangushe paa la juu la hekalu la mtaa wake, anashusha timazi penye kila ufa, anapiga picha kila tofali na kusema kipi kizima, kipi kimekufa.

Leo ana haraka. Kesho kamati ya mtaa itaamua: hekalu lirudishwe kwa mbao zake zenyewe, au libomolewe limwagwe zege. Mihimili mitatu ya kona ilipatikana kwenye kifusi. Wa nne, uliochongwa simba mwenye mabawa, haupo.

"Bila huyo, watu wa zege wamepata neno," anasema.

Simba hakuibwa. Siku ile ardhi ilipotikisika, watu wa hapa walikimbiza miungu kabla ya kukimbiza magodoro. Wengi wamekwisha kurudisha walichookoa. Simba bado yuko ghorofa ya juu, jikoni kwa Bibi Thakun Awale, mjane mfinyanga matofali. Simba huyu ana unga mwekundu kwenye paji la uso, shada la maua ya njano shingoni, na wali mbele yake.

"Umechelewa," Bibi Thakun anamwambia Chirimaya anapofika mlangoni kumdai simba. "Huyu sasa ni mtu wa hapa. Anakula kabla yangu."

"Anakula bure, Bibi. Kwao alikuwa anabeba paa."

"Na wewe unabeba nini? Hiyo futi kamba?"

"Nabeba matusi yako, Bibi. Mazito kuliko paa."

Bibi anacheka, kisha uso unabadilika. "Nimemwabudu miaka yote hii, mwanangu. Ukimpiga nyundo, dhambi ataibeba nani?"

Chirimaya anairudisha nyundo mfukoni. Mti uliopewa wali na maombi si mti tena, na hakuna fundi wa bonde hili atakayeugonga. Mapenzi ya bibi yamemfunga simba kuliko kufuli.

Lakini dawa ipo, na ni ya hapa hapa. Kabla fundi hajagusa hekalu, kuhani humwomba mungu radhi na kumhamishia kwenye mtungi wa maji hadi kazi iishe. Hekalu lilifanyiwa hivyo zamani. Hakuna aliyekumbuka jikoni.

"Tumfanyie na huyu," anasema Chirimaya.

Bibi anamrekebisha simba shada. "Mtungi utakaa wapi?"

"Hapa, kwako. Simba akirudi konani, utaupeleka mwenyewe."

"Kwa magoti haya?"

"Tutakubeba wewe na mtungi wako."

Adhuhuri, kuhani Asharatna Bajracharya anamaliza maombi. Chirimaya anagonga. Mti unajibu kwa sauti kavu, kutoka makucha hadi mabawa. Ulimi wa mhimili, ile ncha inayoingia ukutani, umevunjika, na kipande chake bado kimo kwenye tundu la ukuta wa hekalu. Wanapouleta mhimili hekaluni na kuviunganisha viwili hivyo, hata unywele haupiti.

Kesho yake kamati inachagua mbao. Mwenyekiti, aliyekuwa mpiga debe mkubwa wa zege, anainua mikono. "Ningefanyaje? Simba mwenyewe kaja mkutanoni!"

Kazi ni kubwa bado: boriti zilizooza, mafundi wachache, mvua isiyongoja mtu. Chirimaya hatetereki.

"Gari la mungu wa mvua, tunalolivuta kila mwaka, likipita tena mtaani, nataka lipite mbele ya paa letu," anasema. "Paa lilelile."

Ghorofani, Bibi Thakun anaweka wali mbele ya mtungi.

"Kula upesi," anauhimiza. "Kuna kazi inakungoja."